Maswali na Majibu: Sataranji na Saa ya Tatu ya Mchezo

Barua nyingi zilizofika mezani petu mwezi huu zimeandikwa na wacheza sataranji wa Dar es Salaam, au na wazazi wao, na ajabu ni kwamba hakuna hata mmoja aliyeuliza namna ya kufungua mchezo. Wanauliza juu ya usingizi, chakula, joto na mgongo. Tumechagua sita, na ile ya kwanza tumeijibu kwa urefu kwa sababu ndani yake mmo kiini cha nyingine zote.

Swali: Mheshimiwa Mshauri, mimi ni kijana wa miaka 24, ninaishi Kimara na ninafanya kazi ya uhasibu maeneo ya Posta, katikati ya jiji. Sataranji nimeicheza tangu nikiwa kidato cha pili. Katika mashindano ya mwisho wa wiki iliyopita nilipoteza mchezo ambao nilikuwa nimekwisha kuushinda. Nilikuwa na kete ya ngome moja zaidi, saa tatu na ushei zimepita, nikamsogeza mfalme kwenye chumba ambacho farasi wa mpinzani aliweza kumshambulia yeye pamoja na ngome yangu. Hata mwanafunzi wa darasa la saba angeliona. Si mara ya kwanza. Kila usiku ninafanya mazoezi ya michezo ya haraka kwenye simu mpaka saa saba, hivyo siwezi kusema kwamba sijitumi. Kocha wetu ananiambia nisome zaidi juu ya hatua za mwisho za mchezo. Rafiki yangu ananiambia nianze kukimbia. Nimsikilize nani?
*Mchezaji wa Kimara*

Jibu: Ndugu yangu, kocha wako hakukosea, kwa kuwa hakuna aliyewahi kujifunza kumalizia mchezo wa ngome na askari kwa kukimbia barabarani. Hata hivyo, kosa ulilolieleza si kosa la mtu asiyejua. Farasi kushambulia kete mbili kwa mpigo ni somo la mwezi wa kwanza, na katika saa ya kwanza ya mchezo ungeliona bila hata kulitafuta. Ulichopungukiwa ni nguvu ya kutazama ubao mara ya pili kabla ya kunyanyua mkono, na nguvu hiyo haipatikani vitabuni. Uchovu haumsahaulishi mchezaji yale anayoyajua. Humfanya aache kuyatafuta, aridhike na hatua ya kwanza inayomjia, hasa pale anapojiona kwamba kazi imekwisha.

Usiniamini kwa maneno tu, jichunguze mwenyewe. Kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Sataranji, FIDE, zinamruhusu mchezaji kuandika muda uliobaki kwenye saa katika karatasi ile ile anayoandikia hatua. Fanya hivyo katika michezo yako yote ya mashindano, kisha ukiwa nyumbani weka alama mahali ulipofanya makosa makubwa. Makosa yakiwa yametapakaa tangu mwanzo hadi mwisho, mtii kocha na ukae na vitabu. Yakiwa yamerundikana baada ya saa mbili na nusu, au katika raundi ya pili ya siku hiyo hiyo, basi mwili ndio unaodai haki yake, na kitabu cha kumi hakitakufaa kuliko kile cha tisa.

Mabingwa walilitambua jambo hili zamani. Mikhail Botvinnik, aliyetwaa ubingwa wa dunia mwaka 1948, aliyahesabu mazoezi ya viungo kuwa sehemu ya maandalizi, na inasimuliwa kwamba, kwa vile moshi wa sigara ulimkera, alicheza michezo ya mazoezi na mchezaji mwenzake Vyacheslav Ragozin huku akipuliziwa moshi makusudi ili auzoee. (Hilo la moshi usiliige.) Bobby Fischer alijiandaa kwa pambano lake na Boris Spassky la mwaka 1972 mjini Reykjavik akiogelea na kucheza tenisi. Lakini mfano ulio wazi kuliko yote ni ule wa Moscow, ambako Anatoly Karpov na Garry Kasparov walianza kuwania ubingwa Septemba 1984 kwa sharti kwamba atakayetangulia kushinda michezo sita ndiye bingwa. Karpov alifika ushindi wa tano bila kufungwa hata mara moja, kisha akakwama. Sare zikafuatana kwa miezi, yeye akidhoofika na kukonda machoni pa watazamaji, hata ikawa Kasparov ndiye anayeshinda. Februari 1985, baada ya michezo 48, rais wa FIDE, Florencio Campomanes, alilisimamisha pambano kwa hoja ya uchovu wa wachezaji, matokeo yakiwa 5 kwa 3. Pambano jipya la mwaka huo likawekewa kikomo cha michezo 24, na Kasparov akawa bingwa.

Karibu zaidi na zama zetu, mwaka 2021 mjini Dubai, Magnus Carlsen na Ian Nepomniachtchi, wakiwania ubingwa wa dunia, walitoka sare mara tano, kisha mchezo wa sita ukaenda hatua 136, karibu saa nane mezani, nao ndio mchezo mrefu kuliko wote katika historia ya mapambano ya ubingwa wa dunia. Carlsen, mtu anayejulikana kwa kupenda mpira wa miguu na mazoezi, alishinda. Baada ya hapo Nepomniachtchi alipoteza michezo mitatu zaidi kwa makosa ambayo hayafanani na kiwango chake. Siwezi kudai kwamba miguu ndiyo iliyomwangusha, kwani moyo uliovunjika nao hufanya hivyo hivyo. Lakini aliyebaki na akiba baada ya saa nane hizo alionekana wazi.

Hapa nitoe tahadhari moja. Kuna habari inayosambaa mitandaoni kwamba mcheza sataranji huunguza kalori 6,000 kwa siku akiwa ameketi tu. Usiitegemee. Ubongo ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili na hutumia takriban asilimia 20 ya nishati yote mtu anapopumzika, lakini kufikiri kwa bidii huongeza matumizi hayo kwa kiasi kidogo mno. Mchezaji hupungua uzito mashindanoni kwa sababu ya wasiwasi, usingizi mbovu na kula ovyo. Tofauti hii si ya kitaaluma tu: anayeamini zile kalori 6,000 atajijaza sukari, ilhali dawa yake ni kulala.

Na sasa nakuja kwenye usingizi wako, kwa maana hapo ndipo mahali ambapo rafiki yako naye alipasahau. Mtu anayelala saa saba usiku Kimara na kutakiwa kuwa Posta asubuhi, akiwa ameamka saa kumi na moja kuwahi foleni ya mabasi ya mwendokasi, anapata usingizi wa saa nne tu. Mtu mzima anahitaji usingizi wa angalau saa saba. Isitoshe, ubongo huyapanga na kuyahifadhi yale uliyojifunza mchana wakati umelala, hivyo unaposhinda na simu usiku wa manane unajifunza kwa mkono mmoja na kufuta kwa mwingine. Michezo ya haraka ya dakika tatu tatu, ikichezwa kwa macho mazito, hukuzoesha pia tabia ile ile iliyokuponza: kusogeza kete bila kutazama mara ya pili. Weka simu chumba kingine ifikapo saa nne usiku. Kama joto ndilo linalokukesha, na Februari na Machi katika jiji hili halina mchezo, oga maji ya baridi kabla ya kulala, elekeza feni kwenye chandarua badala ya kukiondoa chandarua chenyewe, na fungua madirisha ya pande mbili hewa ipite. Mchezaji anayeamka na homa ya malaria siku ya mashindano amekwisha kushindwa.

Kuhusu kukimbia, fuata ushauri wa Shirika la Afya Duniani: dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, yaani yale yanayokuruhusu kuzungumza lakini si kuimba. Huhitaji kujiandikisha popote. Asubuhi ukielekea kazini, shuka kituo cha Fire, na ile sehemu iliyobaki hadi Posta itembee kwa mwendo wa mtu anayewahi. Jumamosi na Jumapili zisizo na mashindano, kimbia kabla ya saa moja asubuhi, kabla jua halijaanza kuchoma. Siku ya mkesha wa mashindano usijichoshe. Mazoezi unayotegemea ni yale ya miezi iliyotangulia.

Ukiwa mezani, mpinzani anapofikiri kwa muda mrefu, inuka, nyoosha mgongo, tembea polepole ndani ya eneo la kuchezea, kisha rudi uutazame ubao kana kwamba umeletewa sasa hivi. Kanuni zinaruhusu kufanya hivyo mradi si zamu yako. Nadhani kwa hilo peke yake ungemwona yule farasi.

Swali: Sisi wa kijiweni Mwananyamala tunacheza drafti kuanzia asubuhi hadi giza linaingia, na hakuna anayelalamika uchovu. Hawa wa sataranji mbona wanajidekeza?
*Wazee wa Kivulini*

Jibu: Salaam zenu tumezipokea, wazee wetu. Mchezo mmoja wa drafti kijiweni huisha haraka, hakuna saa inayohesabu sekunde, na anayefungwa hupisha mwingine akae, naye hunyanyuka, akanywa kahawa, akatania, akarudi zamu yake ikifika. Hiyo ndiyo mapumziko tunayowahimiza wacheza sataranji wayapate. Mashindano yanayotumia muda wa kawaida mara nyingi humpa kila mchezaji dakika 90 na nyongeza ya sekunde 30 kwa kila hatua, kimya kimetanda, na kosa moja huharibu kazi ya saa tatu. Mkitaka kujua tofauti, wekeni saa mezani na mkataze maneno kwa alasiri moja tu.

Swali: Mimi ni mama wa kijana wa miaka 15 anayesoma Temeke na kuipenda sana sataranji. Nimegundua kwamba kila siku ya mashindano hununua makopo mawili ya kinywaji cha kuongeza nguvu, na sasa anasema kuna mwenzake mkubwa anayeuza vidonge vya kuongeza akili. Nimkataze yote, au nitakuwa ninamrudisha nyuma?
*Mama mzazi, Temeke*

Jibu: Mama yetu, vidonge mkataze leo hii, bila mjadala, na umweleze sababu, kwa kuwa mtoto wa sataranji hushawishika kwa hoja kuliko kwa amri. Sababu ya kwanza ni kwamba kidonge kinachouzwa mkononi hakuna ajuaye kilichomo ndani yake. Ya pili ni kwamba dawa za kuchangamsha ubongo zinazotajwa zaidi, modafinili na methilfenideti, hutolewa na daktari kwa wagonjwa maalumu, na zimo katika orodha ya dawa zilizopigwa marufuku michezoni, orodha ambayo FIDE nayo inaifuata. Ya tatu huenda ikamgusa zaidi. Watafiti wa Ujerumani walichapisha mwaka 2017 matokeo ya jaribio lililowahusisha wacheza sataranji 39, waliopewa dawa hizo mbili na kafeini kwa nyakati tofauti, kisha wakacheza michezo ya dakika 15 dhidi ya kompyuta. Waliotumia dawa walifikiri kwa kina zaidi, lakini pia kwa muda mrefu zaidi, hata wakapoteza michezo mingi zaidi kwa kuishiwa muda. Mwenye tabia ya kusita atazidi kusita.

Kafeini si haramu mashindanoni, kwani iliondolewa katika orodha ya marufuku mwaka 2004, na mtu mzima akinywa vikombe viwili vya kahawa chungu na kashata asubuhi sioni neno. Kwa mtoto mambo ni tofauti. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kimesema waziwazi kwamba watoto na vijana hawapaswi kunywa vinywaji vya kuongeza nguvu. Kafeini huchukua takriban saa tano kupungua nusu mwilini, kwa hiyo akinywa kopo saa kumi jioni, saa tatu usiku nusu yake bado inamkesha, na kesho yake ana raundi nyingine. Umri wake unadai usingizi wa saa nane hadi kumi, na kwa jinsi shule zetu zinavyoanza mapema, hana saa za kuchezea.

Ninashuku kwamba kijana huyu hunywa makopo hayo kwa sababu hutoka nyumbani bila kula. Mpe uji wa ulezi uliochanganywa na karanga, au chapati na maharage, na yai moja, saa mbili kabla ya kucheza. Mwekee chupa ya maji kwenye begi. Jaribu hivyo kwa mashindano machache kabla ya kumhukumu.

Swali: Shikamoo. Mimi ni msichana wa miaka 17, ninasoma Ilala. Mashindano ya vijana yamepangwa ndani ya mwezi wa Ramadhani, na raundi zinaanza saa tisa alasiri. Mwaka jana nilicheza nikiwa nimefunga, na kufikia saa kumi na moja herufi na namba za vyumba zilikuwa zikinipotea. Wenzangu wananishauri nisifunge siku hiyo. Wewe unasemaje?
*Mwanafunzi wa Ilala*

Jibu: Marahaba, binti yangu. Suala la kufunga au kutofunga si la safu hii kuliamua. Hilo muulize mwalimu wako wa madrasa na wazazi wako. Mimi nitadhani kwamba utafunga, na nikuonyeshe namna ya kuifikia saa kumi na moja ukiwa na akili timamu.

Kilichokutoa mchezoni mwaka jana yaelekea zaidi ni kiu na usingizi kuliko njaa. Maji usiyanywe yote kwa pupa wakati wa futari wala kwa mkupuo wakati wa daku, kwani mengi yatapita tu. Yagawe, glasi moja moja, tangu magharibi hadi unapolala, kisha mbili wakati wa daku. Daku yenyewe iwe ya chakula kinachokaa tumboni: ugali wa dona au viazi vitamu, maharage au kunde, mayai, ndizi mbivu. Epuka samaki wa chumvi na achari kwa wakati huo, maana zitakukumbusha bahari mchana kutwa. Usiiruke daku kwa ajili ya usingizi. Usingizi ulipe mchana, ulale dakika 30 hadi 60 baada ya adhuhuri, na uamke mapema kiasi cha kuufukuza uzito wa macho kabla ya kuondoka nyumbani.

Ukifika ukumbini, tafuta kiti kilicho kivulini au karibu na feni, na usimalize nguvu kwa kucheza michezo ya haraka na wenzako kabla ya raundi. Katika mchezo wenyewe, fanya mahesabu mazito katika saa ya kwanza, na chagua mfunguo unaoujua vizuri badala ya ule unaohitaji kubuni kila hatua. Zaidi ya hayo, waandikieni waandaaji mapema, ikiwezekana kwa pamoja na wenzako waliofunga, mkiomba raundi zianze saa tatu asubuhi. Ombi la namna hiyo ni la kawaida katika mji huu, na waandaaji wengi wao wenyewe wamefunga.

Swali: Tuko watatu, wanafunzi wa chuo Mlimani. Kati ya raundi ya asubuhi na ya mchana tunapata saa moja, na huwa tunakimbilia chipsi kuku na soda baridi. Raundi ya pili tunasinzia. Tule nini?
*Watatu wa Mlimani*

Jibu: Kuleni kidogo, na kuleni mapema ndani ya saa hiyo. Mafuta hukaa tumboni muda mrefu na huleta uzito, na sukari ya soda hupanda upesi na kushuka upesi. Ndizi mbili, karanga za kuchemsha au za kukaanga, muhogo wa kuchemsha na dafu moja vinatosha kabisa, na vyote vinapatikana kwa wachuuzi bila foleni. Mlo wenyewe mzito usubiri jioni. Dakika zinazobaki msizitumie kuchambua mchezo uliokwisha huku mkilaumiana. Tembeeni chini ya miti, hapo Mlimani mnayo mingi.

Swali: Nimestaafu ualimu, nina miaka 66, ninaishi Mbezi. Vijana wananishinda katika raundi za mwisho, na shingo na mgongo vinaniuma. Je, niache mashindano nibaki kufundisha wajukuu?
*Mwalimu Mstaafu*

Jibu: Shikamoo Mwalimu. Viktor Korchnoi, aliyewahi kuwania ubingwa wa dunia dhidi ya Karpov mwaka 1978 na 1981, alitwaa ubingwa wa Uswisi mwaka 2011 akiwa na miaka 80, kwa hiyo hatukuruhusu kuacha kwa kisingizio cha umri. Nenda kwanza zahanati upime shinikizo la damu na sukari, na umweleze daktari maumivu hayo ya shingo. Pima pia macho, kwa sababu miwani isiyofaa humlazimisha mchezaji kuinamia ubao kwa saa nyingi, na huenda mgongo ukawa unateseka kwa kosa la macho. Tembea kila asubuhi, na uombe kiti chenye egemeo badala ya yale mabenchi ya shule. Kuhusu raundi za mwisho, soma kanuni za mashindano kabla ya kujiandikisha, kwani mengi humruhusu mchezaji kupumzika raundi moja na kupewa nusu pointi, mradi aombe kabla ya wapinzani kupangwa. Iombee ile ya Jumamosi jioni, urudi nyumbani ulale, na Jumapili asubuhi ukutane na vijana hao wakiwa wao ndio waliochoka.